Jino Kwenye Mguu wa Pomboo

Tulimwacha Fundi Meno amesimama katikati ya chumba cha daktari, bakuli la chuma mkononi, macho yamemtoka. Ndani ya bakuli mlikuwa na jino la papa, limetolewa saa ile ile kwenye mguu wa binti yake. Na kila mtu alimsikia akisema, "Daktari, huyu papa mimi namjua."

Daktari aliangua kicheko.

"Unamjua? Mlisalimiana wapi?"

"Usinitanie. Nisogezee hiyo taa."

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usihofu, twende pamoja. Fundi Meno ndiye anayetengeneza meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma cha zahanati hiyo hiyo. Mwaka wa ishirini na mbili huu anakoroga plasta, anayeyusha nta, anawarudishia watu vicheko vyao. Mtoto wake ni mmoja tu, msichana, mwokoaji wa watu wanaozama baharini. Wenzake wanamwita Pomboo kwa jinsi anavyoyakata maji.

Siku hiyo, saa kumi alasiri, Pomboo alikuwa na mtihani wa maisha yake. Aogelee hadi kwenye mwamba, auzunguke, arudi. Akifaulu, anakuwa mkuu wa waokoaji wote wa ufukwe. Asipoogelea siku hiyo, nafasi inakwenda kwa mwingine, maana wasimamizi wakishaondoka hawarudi mpaka miaka mitatu ipite.

Tatizo papa. Ndani ya wiki tatu alikuwa ameuma mara tatu. Alianza na mpiga picha, pajani. Akaja kwa karani wa posta, huyo alimkosa, akaondoka na kipande cha boya lake. Na juzi asubuhi akamuuma Pomboo kwenye shavu la mguu. Bendera nyekundu ikapandishwa, ufukwe ukabaki wa kaa na kunguru.

Sasa Fundi Meno aliligeuza lile jino chini ya taa. Halikuzidi kucha ya kidole gumba. Lina ncha, lina msumeno pembeni.

"Jino zima la papa," Daktari alisema. "Ndiyo maana kidonda kilikuwa kinamchoma. Lilibaki ndani."

Fundi Meno alichukua sindano, akaipasha kwenye moto wa kiberiti, akaligusa jino kwa ncha yake. Moshi mwembamba ukapanda.

"Nusa."

Daktari akanusa. Kicheko kikamkauka.

"Plastiki!"

"Plastiki yangu. Ile ile ninayochongea meno ya wateja wako." Akaligeuza jino nyuma. "Unaona hiyo alama ya kujumlisha? Nimeikwaruza mimi."

Alama hiyo haikuanza bure. Zamani wazee wawili walibadilishana meno hapo zahanati bila kujua, wakakaa nayo wiki nzima, na mmoja akalalamika kwamba mdomo wake umeanza kupenda pilipili. Tangu hapo Fundi Meno hatoi jino chumbani mwake bila kulikwaruza nyuma.

Pomboo alijiinua kitandani kwa viwiko.

"Mama, ngoja kwanza. Unataka kuniambia nimeumwa na meno ya bandia?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Aibu gani hii! Bora hata papa. Sasa nikiulizwa nitasema nini?"

"Utasema umeumwa na kazi nzuri ya mama yako. Lala chini ufungwe kidonda." Akamgeukia Daktari. "Mfunge kwa ile plasta isiyopitisha maji. Saa kumi anaingia baharini."

"Mimi nasema apumzike."

"Atapumzika kesho. Leo hakuna papa, kuna mtu. Na huyo mtu namfuata sasa hivi, na aproni yangu hii hii."

Meno ya papa alikuwa amechonga matatu tu tangu azaliwe. Miezi miwili nyuma, Bwana Bwawa alimletea taya kavu la papa alilokuwa amelitundika ofisini kwake. Lilikuwa dogo, upana wa sahani, na mapengo matatu mbele. Fundi Meno alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalitengeneza kwa uangalifu kama taya la mgonjwa.

Bwana Bwawa alikuwa na bwawa la kuogelea ng'ambo ya barabara. Enzi za bahari kuwa salama, bwawa lile lilikuwa la majani makavu na vyura. Tangu papa aanze kuuma, watu hawana pa kujigeuzia humo ndani.

Fundi Meno alipita kati ya mataulo na ndala za watu, akaingia ofisini bila hodi. Bwana Bwawa alikuwa anapuliza boya la mtoto, mashavu yamemvimba.

"Liko wapi taya?"

Boya likatoa hewa puuu.

"Karibu dada yangu. Mbona umekuja moto?"

"Taya, kaka. Lile lililokuwa hapo ukutani."

Wote wawili wakatazama ukutani. Palikuwa na msumari, na chini yake rangi ya ukuta iliyobaki mpya, umbo la taya kabisa. Taya lenyewe hakuna.

"Nililitoa," Bwana Bwawa alisema, akitabasamu.

"Usinichekee. Hayo meno unayonichekea nayo nimekutengenezea mimi, naweza kuyadai. Unauma watu ili waje kwenye bwawa lako!"

"Mimi?" Bwana Bwawa alisimama, tumbo likagonga meza. "Dada, mimi sijui hata kuogelea! Uliza mtu yeyote hapa. Naogopa kina cha watoto!"

Ilikuwa kweli, na Fundi Meno alijua. Mwaka juzi walimtoa kwenye bwawa lake mwenyewe akiwa amekumbatia ngazi.

"Basi ulimpa nani?"

Bwana Bwawa alimtazama kama mtu anayeona huruma kusema.

"Kwani yeye hakukwambia? Nilimpa mkweo. Kifua. Alisema atalitundika kwenye kibanda cha waokoaji, watoto wajifunze. Nikaona jambo la maana."

"Lini?"

"Jioni ya kuamkia siku aliyoumwa mpiga picha."

Fundi Meno alikaa kwenye kiti ambacho hakukaribishwa.

Kifua! Mchumba wa Pomboo, mwokoaji mwenzake. Kijana ambaye kifua chake huingia mlangoni kabla yake. Anayemwamkia shikamoo mama asubuhi na jioni, hata kama asubuhi na jioni zimepishana saa moja. Juzi ndiye aliyembeba Pomboo kutoka majini, analia kuliko aliyeumwa, na Fundi Meno akamshika kichwa akamwombea dua. Harusi bado mwezi mmoja.

"Nikuletee maji?" Bwana Bwawa aliuliza.

"Maji nimeyachoka leo," Fundi Meno alisema, akaondoka.

Alifika ufukweni wasimamizi wanakunja meza.

Mwenyekiti wao alikuwa mama mnene mwenye kofia pana, saa mbili mikononi, moja kila mkono. Pomboo alikuwa mbele yake, amevaa nguo za kuogelea, mguu umefungwa plasta, machozi yako karibu.

"Mtihani umeahirishwa," Mwenyekiti alisema. "Siwezi kumtia mtoto wa watu kwenye mdomo wa papa."

"Mtoto mwenyewe ni wangu," Fundi Meno alisema, akihema. "Na papa wako huyu hapa."

Akamwekea jino kiganjani. Akatoa sindano, akatoa kiberiti, akarudia lile jaribio la moshi. Wasimamizi watatu wakainamisha pua zao pamoja, wakainuka pamoja.

"Makubwa!" alisema mmoja. "Inanuka kama kwa daktari wa meno."

"Ndipo lilipozaliwa," Fundi Meno alisema. "Kuna mtu anazama na taya kavu, anabana watu miguu. Hakuna papa."

Mwenyekiti alimtazama machoni.

"Una hakika, mama? Mara zote tatu?"

"Naweka rehani mikono yangu hii. Hakuna papa."

Wasomaji, likumbukeni neno hilo. Litatugharimu.

Mwenyekiti aliangalia saa ya kulia, akaangalia ya kushoto.

"Mashua ya uokoaji imeshatangulia nyuma ya mwamba, inamsubiri huko huko," alisema. "Haya. Binti, funga boya lako. Dakika tano."

Pomboo alimrukia mama yake shingoni. Kisha akajifunga lile boya dogo la rangi ya machungwa ambalo kila mwogeleaji wa mbali hulifunga kiunoni kwa kamba, limfuate nyuma juu ya maji ili aonekane.

Fundi Meno alimsogeza pembeni. Yeye mwenyewe bahari na yeye hawajawahi kuelewana. Husimama pale ambapo povu linalamba ndala tu, hapiti hapo.

"Nisikilize. Ukiwa majini utasikia filimbi ya Kifua. Usigeuke."

"Kwa nini Kifua anipulizie filimbi?"

"Nitakwambia ukirudi."

"Mama, kuna nini? Mmegombana?"

Fundi Meno alitaka kusema. Ulimi ulifika kwenye meno ukarudi. Utamwambiaje mtu kwamba mchumba wake ndiye aliyemuuma, halafu umwambie aogelee haraka?

"Leo sikiliza sauti yangu tu. Apulize, aite, apige ngoma, wewe tazama mwamba. Anaweza kukukatisha mtihani."

"Na papa?"

"Mwanangu, hakuna papa. Nenda."

Pomboo akaenda. Hatua tatu, akajitupa, maji yakamfunika, akaibuka mbali. Boya la machungwa likaruka nyuma yake kama kifaranga anayemkimbilia mama yake.

Fundi Meno aliusindikiza mgongo wa bintiye kwa macho mpaka ukavuka wimbi la kwanza. Kisha akalichukua jino lake kwa Mwenyekiti, akakaza aproni, akaelekea kwenye kibanda cha waokoaji.

Kifua alikuwa amekaa kwenye meza ya huduma ya kwanza, mgongo mlangoni, anaandika taarifa ya kupeleka ofisini. Alikuwa anaiandika kwa bidii, ulimi nje. Fundi Meno alisoma juu ya bega lake: "Papa ni mkubwa sana, ana hasira, na macho yake yanaonyesha chuki."

"Ulimwona mpaka macho?"

Kifua aliruka.

"Shikamoo mama!"

Mama hakuitikia. Aliweka jino juu ya karatasi, pale pale penye neno chuki.

Kijana alilitazama. Akamtazama mama. Akatazama kwa kuiba chini ya kitanda cha wagonjwa, na Fundi Meno, ambaye kazi yake ni kuangalia vinywa vinavyoficha vitu, akainama, akavuta. Taulo. Ndani ya taulo, taya, limefungwa kwenye vijiti viwili kwa mpira wa baiskeli. Meno mawili ya plastiki yapo. La tatu halipo.

Kifua alishuka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa sakafu.

"Nisamehe mama."

"Kwanza nieleze, halafu nitajua nikuite nani."

"Walikuwa wananicheka!" Maneno yalimtoka kwa mkupuo. "Wenzangu wote. Pomboo akiwa mkuu, mimi nitakuwa chini ya mke wangu. Atanipangia zamu. Atanipulizia filimbi mbele za watu. Wameshaanza kuniita Bi Mdogo. Nikasema, wasimamizi wakisikia habari za papa hawatakuja. Nikamkwaruza mpiga picha kidogo tu."

"Wakaja."

"Wakaja! Na Pomboo hasikii la mtu, anaendelea kufanya mazoezi. Ikabidi..."

"Ikabidi umng'ate."

"Nilitaka kumgusa tu, mama! Ni lile jino lilivunjika, ndiyo maana..."

"Wewe!" Fundi Meno alinyanyua kidole. "Meno yangu hayavunjiki. Limechomoka kwa sababu hujui kubana. Usinitie kasoro kwenye kazi."

"Ndiyo mama."

"Na mtoto wangu akatoka damu, ukambeba, ukalia."

"Nililia kweli. Sikuigiza pale."

Fundi Meno alimwamini, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, taya mapajani.

"Na karani wa posta je? Mzee wa watu na miwani yake, alikukosea nini?"

Kifua aliinua uso.

"Karani? Yule si mimi."

"Umeshakiri mawili, la tatu unalionea haya?"

"Wallahi mama si mimi. Mpiga picha, mimi. Pomboo, mimi. Yule karani hata mimi nilishangaa, nikajua watu wamezidisha hadithi. Siku ile sikuwepo ufukweni! Nilikuwa kwa fundi cherehani, napimwa suti ya harusi."

"Nani alikuona?"

"Wewe."

Fundi Meno alikumbuka.

Alikuwa yeye. Alikwenda naye mwenyewe. Alishika ncha ya utepe wa kupimia, akamwambia fundi aongeze kitambaa kifuani, wakacheka wote watatu. Walikuwa hawajamaliza kupima mikono pale mtu aliposhika mlango na kusema karani wa posta ameponea chupuchupu.

Mpiga picha alishonwa zahanati. Pomboo alishonwa zahanati. Karani hakupata hata mkwaruzo, kwa hiyo hakuletwa, na yeye Fundi Meno, aliyeshika jino moja akalitolea ushahidi wa mara zote tatu, hakuwahi kuliona lile boya.

"Boya lake liko wapi?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kifua alinyoosha mkono. Boya lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, juu ya makoti ya mvua. La machungwa, la kufunga kiunoni. Kama la Pomboo.

Fundi Meno alilishusha. Upande mmoja haukuwepo. Ulikuwa umekatwa kwa mviringo, safi, kama kwa kisu cha mkate.

Alifanya kile anachofanya kila siku ya kazi. Alichukua taya akalipachika kwenye alama ya meno, aone kama linakaa.

Halikukaa. Liliingia lote, likabaki na nafasi kulia, likabaki na nafasi kushoto, kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake.

Kifua akauliza, "Mama, Pomboo yuko wapi?"

"Baharini."

"Nani kamruhusu?"

"Mimi."

Kifua alitoka mlangoni bila kuugusa mchanga. Fundi Meno nyuma yake, boya lililoumwa kwapani, taya mkononi. Filimbi ililia. Ililia tena. Mwenyekiti akageuka, wasimamizi wakageuka, Daktari aliyekuwa anakuja kuangalia akageuka. Hata kunguru waligeuka.

Kichwa kimoja tu hakikugeuka. Kilikuwa mbali, karibu na nusu ya njia, na kila Kifua alipopuliza, mikono ya Pomboo iliongeza kasi.

"Ananisikia!" Kifua alipiga kelele. "Ananisikia, mbona anakimbia?"

"Nimemwambia asigeuke," Fundi Meno alisema. "Nimemwambia mimi, kwa mdomo wangu."

Kifua alitupa filimbi, akajitosa, akaanza kuogelea. Lakini alikuwa nyuma sana, na mashua ilikuwa nyuma ya mwamba, haioni wala haisikii.

Sauti yangu tu, alikuwa amemwambia mtoto. Basi Fundi Meno akaita. Akaita jina ambalo Pomboo hakuwahi kuitwa na mtu mwingine tangu alipokuwa ananyonya. Upepo ukalichukua ukalirudisha nchi kavu.

Akasogea. Povu likalamba ndala, akapita. Maji yakamshika magoti, akapita. Aproni ikaelea mbele yake. Maji yakamfika kifuani, naye hajui kuogelea hata kidogo, na bado anaita.

Na kule mbali, hatimaye, Pomboo akasimama. Akainua kichwa. Akamtafuta mama yake kwa macho, akamwona ndani ya maji, akapunga mkono akicheka, kwa sababu hajawahi kumwona huko.

Fundi Meno hakumpungia. Alikuwa anatazama nyuma ya binti yake.

Pomboo alikuwa ametulia, haogelei. Boya lake la machungwa lilikuwa linakwenda. Lilikuwa linakwenda upande, polepole, kinyume na wimbi, na kamba ilikuwa bado imefungwa kiunoni mwa Pomboo.